Mstari wa Burundi, Mstari wa Tanzania

Miaka ile ya vita kazi yangu ilikuwa kuchora mistari. Sikuwa mchumi. Leo mtu akiniita mchumi namwacha tu, kwa sababu kumrekebisha kunachosha na mwisho wake anadhani najifanya mnyenyekevu. Nilisomea kuchora ramani za nyumba, nyumba zikaacha kujengwa, na mjomba wangu mmoja akanitafutia kiti katika ofisi ya takwimu katikati ya Bujumbura. Tulikuwa na wachumi watatu, mashine mbili za kuchapa, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha maua ambayo hakuna aliyethubutu kuiwasha mkubwa asipokuwepo. Wachumi walihesabu, mimi nikachora walichohesabu.

Nilichora kwenye karatasi ya miraba ya milimita, kwanza kwa penseli, halafu kwa wino. Kila mwanzo wa mwaka nilipewa jedwali moja ambalo mkubwa wetu alilipenda kuliko yote. Huyu bwana, ambaye sote tulimwita chef, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu zamani, Mkristo mpole wa kutoka mkoani, na alizungumza Kiswahili cha mjini kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto juu ya mawe. Jedwali lenyewe lililinganisha mikopo ya ndani ya nchi mbili, Burundi na Tanzania, mwaka baada ya mwaka. Alinieleza mara moja tu na nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Unachukua pesa zote ambazo benki za nchi zimekopesha ndani ya nchi yenyewe. Unatoa zile ambazo serikali imeziweka benki. Kinachobaki ndicho mikopo halisi ya ndani. Na kwa kuwa faranga na shilingi hazipimwi kwa kibaba kimoja, mwaka wa kwanza kila nchi unaipa mia moja, kisha unaangalia nani kapanda na nani kashuka.

Mchoro huo ulitundikwa katika chumba cha mikutano. Wageni waliokuja walisimama mbele yake, mikono nyuma, wakatikisa vichwa. Mstari wa Burundi ulikuwa mwekundu na ulipanda. Mstari wa Tanzania ulikuwa wa buluu, ulikwenda sambamba miaka michache kisha ukaanza kuinama. Nami nikipita pale na chai yangu nilijisikia fahari, kana kwamba ni mimi niliyeupandisha ule mwekundu.

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini humo humo. Pale mtu akishaonekana anatoka asubuhi na kalamu mfukoni, basi kesho yake ni mganga, hakimu na posta. Waliniletea karatasi za hospitali niwasomee, barua za kortini, hata maandishi ya Kijerumani kwenye sanduku la vipuri. Kukataa haikuwa adabu. Ukisema hujui, wanasema anaringa. Kwa hiyo nilijifunza kujibu, na mtu anayejifunza kujibu kila kitu hachelewi kusahau kwamba kuna asivyovijua. Kuuliza si ujinga, wanasema wazee. Lakini kuhusu anayejibu hawakutuachia neno.

Kaka yangu alinizidi miaka tisa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, kwa mashine moja ya kukoboa mpunga aliyokuwa nayo Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa mji, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Wakulima wa Buterere walimletea mpunga kwa baiskeli, magunia mawili mawili, na pumba zilizobaki aliwauzia wafuga kuku. Karo yangu yote ilitoka katika zile pumba. Alikuwa na mke na watoto watatu. Wa katikati, binti wa miaka sita, aliogopa kelele za mashine, akawa anasimama nje vidole masikioni akisubiri inyamaze, kisha anaingia mbio kuokota punje za mchele mbichi sakafuni na kutafuna. Mama yake alimkataza kila siku, na kila siku ufizi wake ulikuwa mweupe.

Vita vilipofika mitaa ya kaskazini, risasi moja ilitoboa bati la nyumba ya kaka na kuanguka kwenye gunia. Wiki ile ile shemeji alichukua watoto akapanda meli kwenda Kigoma, kwa shangazi yake. Mpango ulikuwa kaka afuate na mashine. Shangazi alishaonyesha mahali pa kuiweka, na karani wa meli alikubali kuipakia, akataka jibu wiki iliyofuata.

Tatizo lilikuwa mota. Ilishachoka. Ilikuwa inapata moto kabla ya gunia la nne na inabidi ipumzishwe kama mgonjwa. Popote pale ambapo kaka angeanza upya, Kigoma au hapa, alihitaji mota mpya, na mota mpya haikununuliwa kwa pesa za pumba. Ilikuwa lazima akope. Kama nchi moja ilikuwa inakopesha na nyingine haikopeshi, basi huko kunakokopeshwa ndiko pa kuishi. Hivyo ndivyo alivyoiona, na mpaka leo sioni kosa katika kufikiri kwake.

Alikuja Buyenzi Ijumaa, baada ya swala. Alinawa, akala, akamsikiliza mama akilalamikia goti lake. Kisha akanigeukia.

“Mudogo wangu, we ndio unaonaka vitabu ya inchi. Krediti inatoka sana wapi, hapa ao kule?”

Sikusema ngoja nimuulize chef. Hilo lingechukua siku tatu tu, mpaka Jumatatu ofisini, na chef alikuwa hafungi mlango. Niliinuka, nikatoa chini ya kitanda nakala moja niliyoidondoshea wino na kuruhusiwa kuibeba nyumbani, nikaitandaza juu ya shuka. Nilimwonyesha mwekundu unavyopanda. Nilimwonyesha wa buluu unavyoinama. Kaka hakujua kusoma sana, ila mstari unaopanda hausomewi shule. Aliufuata kwa kidole cha mafuta ya mashine, akaacha alama.

“Hapa inapanda,” nikamwambia. “Kule inashuka. Kama ni krediti, utaipata hapa.”

“Una hakika?”

“Ni hesabu, kaka. Si maneno ya watu.”

Naandika maneno hayo na uso wangu unawaka. Nilifurahi siku ile, sitadanganya. Maisha yangu yote nilikuwa nimemuuliza yeye, na ile ndiyo mara ya kwanza aliniuliza mimi jambo kubwa. Alikunja ule mchoro taratibu, akanirudishia, akasema Mungu akuzidishie. Jumatatu alimwambia karani wa meli kwamba mashine haiendi. Barua ya kumwita mkewe aliituma kwa mpishi wa meli ile ile.

Shemeji hakutaka kurudi. Hilo nililijua baadaye sana. Alijibu barua akiuliza kama kweli kumetulia, na kaka akajibu kwamba kuna krediti inakuja. Akarudi, na watoto watatu, na debe la dagaa.

Benki kaka aliiendea mara tatu. Mara ya kwanza walimpa fomu, nikamjazia mimi. Mara ya pili walimuuliza dhamana, akasema nyumba, wakamuuliza nyumba iko wapi, akasema Cibitoke, na yule kijana wa dirishani akainamisha macho. Mara ya tatu wakamwambia ataitwa. Kila alipotoka huko alipitia ofisini kwetu, akanisubiri chini kwenye ngazi, akaniuliza kama mstari bado unapanda. Nilimjibu ndiyo. Ulikuwa unapanda kweli.

Cibitoke ilipoanza kuhamwa nilikuwa kazini. Kutoka ghorofa ya pili ya ofisi tuliona moshi upande wa kaskazini, mwembamba kwanza, halafu mipana mitatu. Walisema mtaa mzima unakimbia, wa kabila hili na lile, kila mtu na godoro lake. Barabara ya kuja Buyenzi ilifungwa, hakuna anayepita. Nilitoka nikaenda mpaka kizuizi cha kwanza, askari akanirudisha bila hata kunitukana. Nikaenda cha pili, kwa njia ya nyuma ya soko, wakanirudisha pia. Nikarudi ofisini kwa sababu sikujua pa kwenda. Mezani kulikuwa na mchoro wa bei za maharage haujaisha, nikaumaliza. Sijui nisemeje hilo ili lieleweke. Nilikaa nikachora bei za maharage, na mistari ikanyooka.

Kaka na familia yake walikimbilia chini, Buterere, kwa mkulima mmoja aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi. Mtu wa kanisani, mwenye nyumba ya vyumba viwili na watoto wake mwenyewe sita. Aliwapa kimoja. Ilikuwa masika na Buterere ni bondeni. Maji ya mashamba ya mpunga yaliingia uani, yakachanganyika na ya choo, na wote waliokimbia walikunywa humo humo. Siku ya pili yule binti wa katikati alianza kuhara. Kaka alimbeba mgongoni kutafuta zahanati, akakuta imefungwa, akataka kuvuka kuja mjini, akarudishwa. Siku ya tatu mchana mtoto akafa. Walimzika kwenye tuta, mahali pekee pasipokuwa na maji. Sanda ilikuwa shuka la kitanda la yule mkulima, na alilitoa mwenyewe kabla hajaombwa.

Habari zilinifikia siku mbili baadaye, kwa mtu wa baiskeli. Innalillahi, nikasema, na mama akasema, na majirani wakaja. Kule kulikokuwa na kaburi hatukuweza kufika. Tulikaa matanga ya mtoto ambaye hatukumwosha wala kumzika, umbali wa kutembea kwa miguu asubuhi na kurudi mchana.

Njia zilipofunguliwa walikuja kwetu, wanne badala ya watano. Kaka alirudi Cibitoke mara moja kuangalia mashine. Waporaji walishabeba mota ile iliyochoka, na mikanda, na bati la juu. Mwili wa chuma ulikuwa mzito, wakauacha. Mwaka uliofuata nchi jirani zikatuwekea vikwazo, meli ikakaa bandarini, na Kigoma ambayo ilikuwa tiketi moja ikawa haiendeki. Tulilala sita katika vyumba viwili. Kaka akaanza kazi za kutwa kwenye magereji ya Buyenzi, kukaza bolti za magari ya watu ambao zamani walimwita patron, yaani tajiri.

Mwanzo wa mwaka chef akaniletea jedwali kama kawaida. Niliutazama ule mstari mwekundu uliozidi kupanda, na kitu kikanipanda nami. Nikamuuliza, kwa sauti isiyo ya kumuuliza mkubwa, inakuwaje nchi inakopesha kiasi hiki na kaka yangu mwenye mashine na nyumba na jina safi hakupewa hata faranga moja. Chef hakukasirika. Alivuta kiti, akachukua penseli yangu, na chini ya ule mstari wa jumla akachora mingine miwili. Mmoja ulikuwa wa pesa ambazo serikali ilikopa benki. Huo ulipanda kuliko hata wa jumla. Wa pili ulikuwa wa pesa walizokopa watu, wenye maduka, wenye mashine. Huo ulilala, kisha ukazama.

Vita ina gharama, akasema, na anayekopa ni yule anayelipa gharama. Kuhusu Tanzania alisema kule walikuwa wanafagia madeni yaliyooza ya mashirika ya serikali, ndiyo maana mstari ukainama, na mtu wa duka dogo huenda alikuwa anapata nafuu huko huko kwenye mteremko.

“Hii ya watu,” nikamuuliza, “ilikuwa hivi hata mwaka jana?”

“Hata mwaka wa juzi. Ni we uliichora.”

Na kweli. Nikakumbuka wakati huo huo. Miaka yote nilikuwa naanza na mistari mitatu kwa kila nchi kwa penseli, wa jumla na sehemu zake mbili. Chef alikuwa ameagiza kwamba wino upite wa jumla tu, kwa sababu ukutani mistari sita inachanganya wageni. Basi nilikuwa nikimaliza wino nachukua kifutio, nafuta mingine minne kwa uangalifu ili karatasi isichubuke, napuliza vumbi, nakabidhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu pale ofisini, usafi wa karatasi. Mstari uliomhusu kaka yangu ulipita chini ya mkono wangu mwenyewe, nikaufuta, na siku alipouliza sikuukumbuka, kwa kuwa sikuwahi kuusoma. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo mawili na kalamu juu.

Sikumwambia. Kila jioni nilirudi nikamkuta kaka uani anasugua mafuta mikononi kwa mchanga na sabuni, na kila jioni nilisema kesho. Shemeji alikuwa anampikia, anamfulia, anamtengea maji ya kuoga. Kuzungumza naye hakuzungumza, isipokuwa sentensi moja ambayo ilimtoka mara chache kwa mwaka, kwa jambo dogo tu, chumvi imekwisha au mtoto ana homa. “Mi nilikuwa nimeisha kufika,” alikuwa anamwambia.  Kaka alichukua kofia yake akatoka nje, akarudi watu wamelala.

Mimi shemeji alinipenda. Alisema katika nyumba hii mtu mwenye akili ni mmoja. Watoto wake wakipata shida ya hesabu aliwaleta kwangu, na alikaa pembeni akisikiliza ninavyowaeleza, ameridhika. Zamani nilidhani mtu mwenye hatia hupungua uzito. Mimi nilinenepa kwa mkono wake.

Miaka ilipita hivyo. Vikwazo viliondolewa, meli ikaanza tena kwenda na kurudi, wakubwa wakasaini amani na vita vikaendelea kidogo hata baada ya kusaini, kama kawaida ya kwetu. Mashine ya chuma kaka aliiuza kwa kilo. Kuna Idd moja, vita vikiwa vinaelekea kwisha, tulibaki wawili barazani baada ya wageni kuondoka, na nikamwambia. Nilimwambia yote. Mistari mitatu, kifutio, chef, kwamba nilijua tangu mwaka ule wa vikwazo na nikanyamaza. Nilisema kwamba nataka kuingia ndani nimwambie shemeji ni mimi niliyemrudisha kutoka Kigoma, si mumewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameanza kuota mvi kwenye ndevu na sikuwa nimeziona kabla ya siku ile.

“Apana,” akasema. “Bibi yangu anajua ni mi nilimuita. Amenichukia miaka hii yote, ameisha kuzoea. Ukimuambia leo atachukia watu wawili, na mutoto hatarudi.”

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Angeweza. Neno moja tu, na mzigo ungehama.

“Ningemuambia nini? Mudogo wangu ndio alinidanganya? We ulikuwa mutoto. Mi ndio niliuliza.”

Nilianza kusema kitu, akaniwekea mkono begani, mzito, na akausukuma kidogo chini nisiinuke. Mlango ulifunguka. Shemeji alitoka na sahani mbili za pilau. Moja aliiweka sakafuni karibu na miguu ya mumewe bila kumtazama. Nyingine alinikabidhi mkononi, na nyama ya mfupa juu yake.

“Shemeji, kula,” akasema. “Hii nimekufichia we.”

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama sahani yake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, na akasimama pale mlangoni kuona kama naipenda. Nikala mpaka ikaisha.